Siku Niliyowafanya Komba Wote Kuwa Mapunda

Tulikuwa watu wanne ofisini asubuhi ile, na wa tano alikuwa kwenye simu. Niwataje kwanza, ili msije mkanipotea njiani.

Wa kwanza ni Mwalimu Hiza, mwenye ofisi, mtu wa Muheza. Alikuja Songea kufundisha hesabu, akastaafu hapa hapa, akafungua ofisi ya kutengeneza tovuti pale Bombambili, kwenye chumba kilichokuwa duka la vitenge. Wa pili ni Zawadi Mapunda, binti aliyetoka chuoni, akiwa na wiki mbili tu kazini. Wa tatu ni Mzee Athanas Mapunda, baba mkubwa wa Zawadi, mwenyekiti wa kamati ya makaburi ya zamani. Wa nne ni mimi, Leokadia Ndunguru, Mama Benedikta, niliyeajiriwa kufagia na kupika chai, nikaishia kwenye kibodi. Kwenye simu alikuwa Fidelis Komba. Mimi ni mama yake wa ubatizo. Ndiye aliyeniombea kazi ile, na ndiye aliyekuwa fundi wetu mpaka mwezi mmoja kabla, alipohamia Dodoma.

Mzee Athanas hakuketi. Alinyoosha simu yake mbele ya uso wangu.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba. Leokadia, nani amemwoza baba yangu kwa dada yake?"

Nikavaa miwani. Kwenye ukurasa wa makaburi tuliowatengenezea kamati, kwenye orodha ya marehemu, ilikuwa imeandikwa: Petro Mapunda. Chini yake: Kristina Mapunda, mke wa Petro.

Nyinyi mliokua mjini pengine hamuoni tatizo. Katika orodha ile kila mwanamke aliandikwa kwa ukoo wa baba yake, hata kama aliolewa na kuzaa kumi. Na Mapunda haoi Mapunda. Kristina alikuwa Komba, mtu mzima wa Komba, nilimjua. Alinisuka nywele siku ya komunyo yangu ya kwanza.

Nikasogeza ukurasa chini. Hapakuwa na Komba hata mmoja. Makaburi yote yale, na hakuna Komba.

Nikajua ni mikono yangu.

*

Ngoja niwaambie mikono hiyo iliipataje kazi.

Shule niliishia darasa la nne. Kiingereza sijui. Lakini nilipokuwa mtoto misa ilikuwa ya Kilatini, na sisi watoto tulijibu yote, mwanzo hadi mwisho, bila kujua tunasema nini. Kwa hiyo kushika maneno nisiyoyaelewa nilishazoea kabla sijaota meno yote.

Fidelis alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti kila anachoandika kwenye lile dirisha jeusi la amri. Mimi nadeki, yeye anasoma. Siku moja akakwama, anakuna kichwa: "Ile ya kutafuta picha kubwa zinazochelewesha ukurasa ilikuwaje?" Nikamtajia nikiwa nimeinama na tambara mkononi: *find*, nukta, kistari, *size*, alama ya kujumlisha, *1M*. Akageuka na kiti chake kizima.

"Mama, umesoma wapi haya?"

"Kwako. Jumatano iliyopita. Ulikuwa umevaa shati la mistari."

Siku ya pili akaninunulia kaunta buku. Akasema, kila kipande cha maandishi kitakachotufaa tena, andika humu, tusihangaike kukitafuta kwenye mtandao uliokatika. Kweli nikaandika. Kipande cha menyu inayojikunja kwenye simu ndogo. Kipande cha fomu ya mawasiliano. Kipande cha kupunguza picha zote za folda kwa mkupuo. Sikuvipa majina ya Kiingereza, ningevipoteza. Kila kimoja nilikipa jina la aliyekileta na kazi yake: ya Fidelis ya picha, ya Hiza ya tarehe, ya yule mgeni wa Iringa ya kupanga jedwali. Mgeni huyo aliitwa Onesmo Kihwele, alikaa siku tatu akisubiri gari lake litengenezwe. Jina lake bado limo kwenye buku langu.

Baada ya mwaka Mwalimu Hiza akaweka mtu mwingine wa kufagia, mimi nikapewa kiti. Nikawa nabadilisha matangazo ya shule, saa za misa, bei za vyumba vya wageni. Wateja wakija wananiona, wanauliza, "Bibi, fundi yupo?" Nawaambia keti, nionyeshe tatizo. Wengine walikuwa wanacheka mpaka tatizo linaisha.

Niwape moja hapa, msije mkasema bibi amepiga hadithi tu. Mkiwa kwenye dirisha la amri, msiandike upya amri ndefu ya jana. Shikeni *Ctrl* na herufi *R*, andikeni kipande kidogo mnachokikumbuka, mashine itawaletea amri nzima. Nilimwonyesha Mwalimu Hiza jambo hilo naye alikuwa amefanya kazi miaka bila kulijua. Akasema, "Mama Benedikta, hii usimwambie mtu kwamba umenifundisha wewe." Nami sikusema, mpaka leo.

*

Sasa kosa lenyewe.

Fidelis alipoondoka, jina lake lilibaki chini ya kila ukurasa tuliotengeneza: ukiwa na tatizo la tovuti mwone Fidelis Komba, na namba yake. Wateja wakawa wanampigia Dodoma akiwa kwenye vikao. Mwalimu Hiza akasema, "Mama Benedikta, badilisha kote. Weka Zawadi Mapunda."

Nilianza na namba ya simu. Kwenye buku nilikuwa na amri ya Fidelis ya kubadilisha neno moja mahali pote kwa mara moja. Nikaweka namba ya zamani, namba mpya, nikabonyeza. Ikapita kama kisu kwenye siagi. Ukurasa kwa ukurasa, namba mpya imekaa. Nikajisikia fundi.

Halafu jina. Hapo pakawa na ugumu, maana Fidelis alikuwa amejiandika kila mahali tofauti. Huku Fidelis Komba, kule F. Komba, kwingine Bw. Komba, kwingine Fidelis P. Komba kwa kuwa siku hiyo alijisikia. Nikawaza: majina ya mbele yanatofautiana, lakini Komba limo kote. Basi nianze na Komba, la mbele nitalishughulikia baadaye. Nikaandika:

`grep -rl "Komba" . | xargs sed -i 's/Komba/Mapunda/g'`

Maana yake: tafuta kila faili lenye neno Komba, humu na ndani ya folda zote zilizomo, kisha kila unapoliona weka Mapunda. Ile `-i` ndiyo inayosema andika moja kwa moja ndani ya faili, usiniulize. Na kweli haikuniuliza.

Namba ya simu ni ya mtu mmoja. Komba ni nusu ya Songea. Mwalimu Hiza angesamehewa kutojua, yeye ni mgeni, kwao Muheza hakuna Komba. Lakini mimi nimezaliwa hapa, nimezikana na Komba, nimekula harusi za Komba, jirani yangu wa kushoto Komba, wa kulia Komba. Sikuwaza hata mmoja wao. Nilimuona Fidelis peke yake.

Saa kumi jioni, la mbele nalo likiwa tayari, nikafanya kama kila siku: nikapandisha kila kitu kwenye seva, nikachukua nakala kwenye flashi, juu ya nakala ya jana. Nikafunga mlango nikaenda kununua dagaa.

*

Tovuti za wateja wengine zilirekebishika. Mwenye nyumba ya wageni, yeye mwenyewe Komba, alipiga simu akicheka: "Bibi, nimeamka nikiwa Mapunda, na mke wangu ni Mapunda wa kuzaliwa, anauliza alale wapi." Ile ya shule walikuwa na daftari la mahudhurio. Zote zilikuwa na karatasi mahali.

Makaburi hayakuwa na karatasi.

Makaburi yale ya zamani misalaba yake ilikuwa ya mbao. Moto wa kiangazi uliila, mwaka hadi mwaka, mpaka ukabaki mteremko wa majani tu. Daftari la wazee lilikuwa limeanza kuliwa na mchwa, ndiyo maana Mzee Athanas alilileta kwetu tuliandike upesi. Fidelis alisoma, mimi nikachapa, kurasa zinamomonyoka mkononi. Baada ya hapo lilikuwa vumbi tu ndani ya mfuko wa rambo. Orodha ile ndiyo iliyokuwa misalaba yao.

Zawadi alikuwa wa kwanza kusema jambo la maana. "Bibi, turudishe tu. Mapunda iwe Komba."

"Halafu na baba yangu mimi awe Komba?" Mzee Athanas akamuuliza.

Ndipo wote tukaelewa shimo lilivyo refu. Mle ndani walikuwamo Mapunda wa kweli tangu mwanzo. Sasa wamechanganyika na Komba, kama mchele wa magunia mawili uliomwagwa kwenye mkeka mmoja. Mashine haijui punje ipi imetoka wapi.

Mwalimu Hiza akampigia Fidelis, akaweka sauti ya nje.

"Fidelis, una nakala ya tovuti ya makaburi?"

"Nilifuta kazi zote za ofisi siku naondoka, Mwalimu. Ulinisainisha karatasi." Kisha akauliza: "Mama yupo?"

"Nipo, mwanangu."

"Mama, ulitazama kwanza kabla ya kubadilisha?"

Nikalifungua buku langu. Alikuwa amenifundisha. Kabla ya kubadilisha unaandika `grep -rn "Komba" .` peke yake, na mistari yote yenye neno hilo inapita mbele yako, na jina la faili kila mstari. Ningewaona. Ningemuona Kristina anapita. Ni amri fupi kuliko kusema shikamoo, na nilikuwa nayo kwenye buku, ukurasa wa tatu.

"Mama?"

"Sikutazama."

"Basi," akasema taratibu, "wewe ndiye unayewajua. Mimi nilikuwa nasoma tu majina. Wewe ulikuwa unasema huyu alikuwa kinyozi, huyu alikuwa na chongo."

*

Zawadi aliitoa ile mistari yote yenye Mapunda, kila mmoja na namba yake, akaichapa kwenye karatasi. Ilikuwa themanini na saba. Mzee Athanas akaja kila asubuhi siku kumi na moja mfululizo na chupa yake ya uji, tukakaa pande mbili za meza, Zawadi katikati na kalamu.

Kwanza tulitumia ndoa. Mahali popote palipoandikwa mke na mume wote Mapunda, mmoja alikuwa Komba, hilo halina mjadala. Ilibaki kujua yupi. Ukishajua ukoo wa mume, watoto wanafuata wenyewe. Zawadi alisema hiyo ni mantiki, chuoni waliisoma muhula mzima. Mzee Athanas akamwambia sisi tuliisoma kwa kukatazwa kuchumbia.

Waliobaki tukawachukua mmoja mmoja.

"Alois wa Lizaboni," Zawadi anasoma.

"Mapunda," anasema Mzee Athanas.

"Komba," nasema mimi.

"Leokadia, Alois alikuwa anakula kwetu."

"Alikuwa anakula kwenu kwa sababu mama yake alitoka kwenu. Baba yake ni Maurus Komba, aliyekuwa anapiga kengele. Ulimwogopa sana yule mzee, alikushika na maembe ya padre."

Anakuna shingo. "Andika Komba," anamwambia Zawadi. "Na hayo ya maembe usiandike."

Siku nyingine alinichokoza mchana kutwa. Komba wote wamekuja kwangu, anasema, sasa nikifa nitapata wapi pa kulala, wamejaza. Mimi namwambia usiwe na wasiwasi, nitakugeuza uwe Haule, kule kuna nafasi. Zawadi anacheka mpaka anaweka kalamu chini. Nikiulizwa siku zangu nzuri za kazi, na aibu yote ile, ni zile kumi na moja. Majina yale yalikuwa yamenikaa kichwani miaka mingi hayana anayeyauliza. Ghafla kila jina lina mtu wa kulibishania.

Tuliwarudisha themanini na watatu.

*

Baada ya hapo ofisi ilibadilika, na niwaambie jinsi ilivyobadilika, maana hayo ndiyo mtakayoyatumia.

Zawadi aliitoa ile sehemu ya chini kwenye kurasa zote, akaiweka kwenye faili moja ambalo kurasa zote zinalichota. Ukibadilisha fundi, unabadilisha mahali pamoja. Nilimuuliza kwa nini sisi hatukufanya hivyo. Akasema, "Bibi, mlikuwa mnakopi na kubandika." Nikasema ndiyo, tulikuwa tunakopi na kubandika, na ndivyo tulivyomsambaza Fidelis nchi nzima.

Nakala sikuziweka tena juu ya nakala. Niliandika hivi:

`cp -r tovuti tovuti-$(date +%F)`

Hapo folda mpya inapata tarehe ya leo kwenye jina lake, ya jana inabaki na tarehe yake. Baadaye Zawadi akaleta *git*, inayokumbuka kila badiliko na nani alilifanya, na unaweza kurudi nyuma. Ni nzuri sana. Mimi niliipokea kwa uchungu kidogo, kama mtu anayeletewa ngazi baada ya kuanguka.

Na ile `-i`, msiiweke mara ya kwanza. Bila hiyo, *sed* inawaonyesha tu kwenye dirisha matokeo yatakavyokuwa, faili halijaguswa. Someni. Mkiridhika, ndipo muiweke. Na msibadilishe neno moja kama mnaweza kubadilisha sentensi nzima, maana sentensi nzima ni nadra kuwa na ndugu.

Siku hizi naambiwa hamhitaji kaunta buku. Mnaiuliza kompyuta kwa maneno ya kawaida, inawaandikia amri yenyewe. Mjukuu wangu wa Mwanza alinionyesha kwenye simu alipokuja Krismasi. Aliiomba amri ya kubadilisha neno kwenye mafaili yote, ikatoa ileile, na `-i` ndani yake. Nikamwambia, iulize inawajua Komba wangapi. Akacheka. Kesho yake akaondoka na basi la asubuhi.

*

Mwalimu Hiza alirudi Muheza, macho yalimsumbua. Chumba kile sasa kinauza vipuri vya bodaboda. Fidelis alikuwa ananipigia kila Jumapili, ikawa kila mwezi, ikawa Pasaka. Simlaumu, ana watoto wanne: Benita, Kasto, Edgar na Gloria. Zawadi yuko nje ya nchi. Ndiye anayeitunza tovuti ya makaburi kutoka huko, aliniachia neno la siri na ile laptopu ya zamani. Mzee Athanas tulimzika mwaka wa mvua nyingi. Nilimwandika mwenyewe, Athanas Mapunda, mtoto wa Petro na Kristina. Nilitazama mara tatu kabla ya kubonyeza. Hakuna aliyekuwepo wa kumwambia, huyu nimempatia sawa.

Mimi nipo Msamala. Asubuhi nawasha laptopu, nafungua orodha, naisoma. Nilikuwa nikisoma jina naona sura. Sasa kuna asubuhi sura inachelewa, na nyingine inakuja ya mtu mwingine. Hilo sijamwambia binti yangu Benedikta. Nawaambia nyinyi kwa sababu wanne bado wamebaki.

Anastasia wa Matogoro. Hakuandikiwa mume wala baba. Mimi nilisema Komba, kwa kuwa nakumbuka wanawake kisimani wakimwita mwana wa Komba. Mzee Athanas alisema kisimani tulikuwa tunamwita hivyo mtu mwingine. Nilimwandika Komba.

Vikta wawili, wote wa Msamala, mkubwa na mdogo. Najua mmoja alikuwa Komba na mmoja Mapunda, maana walitaniana kwa hilo. Yupi ni yupi, sina hakika. Nilimfanya mkubwa kuwa Komba.

Na mtoto Rozi, aliyeishi siku tisa. Huyo hakuwa na mtu wa kumkumbuka, hata mimi. Zawadi alitaka tuandike koo zote mbili na alama ya mkwaju katikati. Mzee Athanas alikataa, akasema mtoto wa siku tisa asibebeshwe koo mbili, aachwe Mapunda, ataombewa pamoja na wa kwetu. Nikakubali. Lakini kwenye daftari lile bovu, siku tunachapa, nadhani Fidelis alisoma Komba. Nadhani. Nilimpigia kumuuliza, naye hakumbuki kama palikuwa na mtoto.

Basi, wajukuu zangu, waulizeni mabibi na mababu zenu kabla sura hazijaanza kuwachelewea kama mimi. Kama nyumbani kwenu lilitajwa jina la Anastasia wa Matogoro, au mmoja wa hao Vikta, au mtoto Rozi wa siku tisa, njooni mniambie. Na kama kuna mtu mwingine humu niliyemtaja kwa ukoo usio wake, au niliyempa mke asiye wake, msininyamazie kwa heshima ya uzee. Nisahihisheni sasa, wakati bado nipo wa kubadilisha.